Umechoka na mianya ya Chrome? Linganisha kwanza, ndipo uhame

Mei 2024, ndani ya siku kumi na tano, Google ilitoa viraka vinne vya dharura vya kivinjari chake cha Chrome, yaani masasisho ya kuziba mianya ya usalama: tarehe 9, 13, 15 na 23. Kila kimoja kilikuja na maelezo yaleyale mafupi, kwamba mwanya unaozibwa tayari una watu wanaoutumia kushambulia. Mitatu kati ya mianya hiyo ilikuwa kwenye V8, injini inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome. Mwaka 2022 mianya ya aina hii, inayoanza kutumiwa kabla kiraka hakijatoka, ilifika 9. Mwaka 2023 ikawa 8. Anayesema amechoka hasemi uongo.

Basi watu wanahama. Mmoja anakwenda Brave, mwingine Opera, wa tatu anarudi kwenye Edge ya Microsoft aliyokuwa akiicheka. Wakifika huko wanaikuta V8 ileile, kwa sababu Brave, Opera, Vivaldi, Edge na Samsung Internet vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Umehama chumba, lakini nyumba ni ileile na bomba linalovuja ni lilelile.

Ndiyo maana hapa hatuhesabu mianya. Kivinjari ambacho hakitangaziwi mianya huenda hakijawahi kuchunguzwa na mtu yeyote. Tunauliza mambo matatu: kinatumia injini gani, kiraka kinachukua siku ngapi kufika kwenye kifaa chako na kuanza kufanya kazi, na wewe mwenyewe unaweza kuzima nini.

Kwa nini mianya haiishi

Mwaka 2020 timu ya Chromium ilichambua dosari 912 nzito zilizopatikana tangu 2015. Karibu asilimia 70 zilitokana na makosa ya kutunza kumbukumbu ya kompyuta, na nusu ya hizo zilikuwa za aina moja: programu inaomba kipande cha kumbukumbu, inakitumia, inakirudisha, halafu sehemu nyingine ya programu hiyohiyo, isiyo na habari, inaendelea kukitumia. Mpangaji amehama na ufunguo amebaki nao. Mshambuliaji huandika ukurasa wa wavuti unaowahi kukijaza kipande hicho na data yake kabla "mpangaji wa zamani" hajarudi, na hapo programu inafanya anachotaka yeye. Chrome imeandikwa zaidi kwa C++, lugha isiyomzuia mwandishi kufanya kosa hilo.

V8 ina tatizo lake la ziada. Ili JavaScript ikimbie, V8 hukisia aina ya data itakayokuja na kuandaa mapema maelekezo ya moja kwa moja kwa prosesa. Akidanganywa mkisiaji huyu, namba inachukuliwa kuwa anwani ya kumbukumbu, na mlango umefunguka. Microsoft walipopitia mianya ya V8 ya tangu 2019 waliona karibu asilimia 45 inahusu mkisiaji huyu, anayejulikana kwa ufupi kama JIT. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Hata hivyo mwanya mmoja mara nyingi hautoshi. Ukurasa huendeshwa ndani ya kizuizi kisichoruhusu kugusa mafaili yako, kwa hiyo mshambuliaji anahitaji mwanya wa pili wa kutokea nje. Ndiyo maana mwanya wa Machi 2025, wenye namba ya orodha CVE-2025-2783, ulitisha: uligunduliwa na kampuni ya usalama ya Kaspersky, ulikuwa kwenye Chrome ya Windows, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kuvuka kizuizi. Mlengwa alitumiwa barua pepe yenye kiungo, akibonyeza basi. Ulizibwa kwenye toleo 134.0.6998.177.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu katika kulinganisha. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walikagua msimbo wao, wakakuta Firefox ya Windows ina kasoro ya mtindo uleule, wakaiziba kwenye 136.0.4 ndani ya siku chache. Injini mbili tofauti, waandishi tofauti, kosa la ukoo mmoja.

Chrome na Firefox, uso kwa uso

Nguvu ya kwanza ya Chrome ni utengano. Tangu 2018, kwenye kompyuta, kila tovuti huwekwa katika mchakato wake, hivyo ukurasa mbovu haukai chumba kimoja na ukurasa wa benki. Firefox ilifika hapo 2021, miaka mitatu baadaye. Kwa upande wa pili, Firefox ilianza mapema kuandika sehemu zake upya kwa Rust, lugha inayokataa makosa mengi ya "mpangaji na ufunguo" kabla programu haijajengwa. Tangu 2021 pia inafungia baadhi ya maktaba za nje ndani ya kizuizi cha pili. Kwenye kompyuta, tofauti hii leo si kubwa kiasi cha kuamua peke yake.

Nguvu ya pili ya Chrome ni kasi ya viraka. Msimbo wa Chromium uko wazi kwa kila mtu, wadukuzi wakiwemo. Marekebisho yakiingia kwenye hazina ya msimbo leo na toleo likatoka wiki mbili baadaye, mdukuzi ana wiki mbili za kusoma kilichorekebishwa na kukisia mwanya ulikuwa wapi. Zamani pengo hilo lilikuwa wastani wa siku 35. Kufikia 2023 lilikuwa limeshuka hadi karibu 15, na Agosti mwaka huo Google wakaanza kutoa viraka vya usalama kila wiki ili kulipunguza zaidi. Kwa hiyo sehemu ya kero ya masasisho ya mara kwa mara ni dawa yenyewe.

Firefox nayo ikibanwa haichelewi. Oktoba 2024 kampuni ya usalama ya ESET iliripoti mwanya CVE-2024-9680, uliokuwa kwenye msimbo wa kusogeza michoro ndani ya kurasa. Mozilla walitoa toleo 131.0.2 katika muda wa saa 25 hivi. Lakini usijidanganye na jambo moja: mwanya huo ulikuwa umeshatumika, ukiunganishwa na mwingine wa Windows, na aliyeathirika hakubonyeza chochote zaidi ya kufungua ukurasa. Firefox hushambuliwa mara chache kuliko Chrome, na sababu kubwa ni kwamba watumiaji wake ni wachache. Hilo ni faida kwako wewe mtu wa kawaida. Halithibitishi kuwa ukuta wake ni mnene zaidi.

Mahali Firefox inaposhinda waziwazi ni kwenye kuzuia matangazo. Matangazo ni njia maarufu ya kufikisha ukurasa mbovu kwa mtu aliyekuwa anasoma habari tu. Chrome ilibadilisha kanuni za viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea kivinjari, na uBlock Origin kamili, kizuizi maarufu cha matangazo, haifanyi kazi tena humo. Kilichobaki ni toleo jepesi. Firefox inaendelea kuikubali nzima. Kwa maoni yetu, kizuizi kizuri cha matangazo kinapunguza hatari ya kila siku kuliko tofauti zote za mchakato zilizotajwa hapo juu.

Kuna tatizo moja la Chrome ambalo kwa kweli ni la mtumiaji. Kiraka hushuka chenyewe, lakini hakianzi kazi mpaka kivinjari kizimwe na kuwashwa. Mwenye vichupo arobaini na kompyuta anayoifunika tu bila kuizima anaweza kukaa wiki nzima akiwa na kiraka ndani ya diski na mwanya ndani ya kumbukumbu. Andika chrome://settings/help kwenye kisanduku cha anwani, subiri ukaguzi uishe, bonyeza kitufe cha kuwasha upya. Vichupo vyako vitarudi. Vya hali fiche havirudi, kwa hiyo maliza kwanza ulichokuwa unajaza humo.

Kisha soma namba hadi mwisho. Watu wengi huishia kwenye tarakimu za mbele, "nina 116, na kiraka ni cha 116, niko salama". Septemba 2023 kiraka kilikuwa 116.0.5845.187, na mwenye 116 iliyoishia na namba ndogo zaidi alikuwa wazi kabisa.

Mwanya huo wa Septemba 2023, CVE-2023-4863, unastahili kukumbukwa na kila anayeamini kuhama injini ni kinga kamili. Haukuwa wa Chrome peke yake. Ulikuwa kwenye libwebp, maktaba ya kufungua picha za WebP, inayotumiwa na karibu kila mtu. Chrome ilizibwa tarehe 11, Edge na Firefox tarehe 12. Programu za mezani zinazobeba Chromium tumboni mwake, kama Slack na Signal, nazo zilihitaji matoleo mapya. Ungeweza kuifuta Chrome siku hiyo na bado ukabaki na mwanya uleule mara tatu kwenye mashine moja.

Edge: nyumba ileile, komeo la ziada

Kwa matangazo yake, vitufe vya ununuzi na kubembeleza kwake kusikoisha, Edge ni vigumu kuipenda. Lakini ina kitu kimoja kilichowekwa vizuri kuliko kwingine. Ukiingia edge://settings/privacy na kutafuta sehemu ya kuimarisha usalama wa wavuti, utaona viwango viwili. Kiwango cha kati huzima JIT kwenye tovuti usizozizoea na kuiacha kwenye zile unazotembelea kila siku. Kiwango kikali huizima kila mahali. Kwa kuwa karibu nusu ya mianya ya V8 iko kwenye JIT, kiwango cha kati ni ulinzi mkubwa kwa bei ndogo. Kikali kitavunja au kulemaza kurasa nzito, hasa michezo na ramani.

Chrome nayo ina swichi ya namna hii, chrome://settings/content/v8, ila haina ujanja wa kujifunza tovuti zako. Unaizima kwa zote, kisha unaongeza mwenyewe zile zinazosumbua. Kwenye Firefox inabidi uingie about:config na kubadilisha javascript.options.ion kuwa false, jambo ambalo hatulipendekezi kwa mtu asiyejua atakavyolirudisha.

Kwa ofisi yenye kompyuta nyingi, Chrome na Edge zinalingana: zote zinakubali sera ya RelaunchNotification, mpangilio ambao fundi huuweka kwa kompyuta zote. Ukiiweka 2, kivinjari humpa mfanyakazi onyo na kisha kujiwasha upya chenyewe muda ukiisha. Muda wa kawaida ni siku 7, na hizo ni nyingi mno. Weka RelaunchNotificationPeriod kuwa 172800000, yaani saa 48 kwa milisekunde. Watanung'unika wiki ya kwanza.

Brave, Opera, Vivaldi

Brave huja na kizuizi cha matangazo ndani yake, na kawaida hufuata viraka vya Chromium haraka. Ukitaka Chromium bila kusumbuka na viendelezi, ndiyo chaguo letu. Zima tu mambo ya sarafu za kidijitali yasiyokuhusu. Opera na Vivaldi ni vizuri kwa wanaovipenda muonekano wake, lakini kwa usalama havikupi kitu ambacho Brave haina, na kila kivinjari kinachosubiri Chromium huongeza muda wake kidogo juu ya ule wa Google.

Kwenye simu mambo hugeuka

Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, na hilo ni zuri. Lakini katika kutenga tovuti, Firefox ya Android imebaki nyuma ya ile ya kompyuta kwa muda mrefu, wakati Chrome ya Android ilianza kutenga tovuti zenye nywila 2019 kwenye simu zenye angalau GB 2 za RAM. Kwa hiyo ushauri wetu kwenye Android ni kinyume cha wa kompyuta: Brave au Chrome kwanza. Samsung Internet ni laini na inapendeza, ila msingi wake wa Chromium huwa wa zamani kuliko wa Chrome ya siku hiyo.

Kinachoua zaidi huku kwetu, hata hivyo, ni bando. Simu nyingi zimewekwa kusasisha programu zikiwa kwenye Wi-Fi tu, na mwenye simu hajawahi kuunganisha Wi-Fi tangu ainunue. Kivinjari chake kinazeeka kimyakimya. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao, na uangalie sehemu ya kusasisha programu kiotomatiki. Kama hutaki kuruhusu data kwa programu zote, acha ilivyo, lakini mara moja kwa wiki tafuta kwa mkono vitu viwili na uvisasishe: kivinjari chako, na Android System WebView.

Hicho cha pili husahaulika kabisa. Ni kivinjari kisicho na uso. Programu nyingi, zikiwemo za mikopo na maduka, hukitumia kufungua kurasa ndani yake zenyewe. Ukiwa umehamia Firefox kwa ajili ya usalama, kiungo ulichobonyeza ndani ya programu kama hiyo bado kinafunguliwa na V8. Kikiwa cha zamani, kuhama kwako hakujasaidia kitu hapo.

Opera Mini inahitaji maelezo yake yenyewe, maana wengi huitumia kuokoa bando. Katika hali yake ya kubana zaidi, seva za Opera ndizo zinazofungua ukurasa, zinauendesha, kisha zinakutumia muhtasari uliobanwa. Kuna faida hapa isiyosemwa: JavaScript ya ukurasa kwa sehemu kubwa haiendeshwi kwenye simu yako, hivyo mwanya wa V8 hauna pa kushika. Gharama yake ni kwamba usimbaji wa tovuti, ule unaoficha data yako njiani, unafunguliwa kwenye seva hizo, katikati ya safari. Soma habari na matokeo ya mpira humo. Benki, kodi na chochote chenye nywila, toka kwanza kwenye hali hiyo au tumia kivinjari kingine.

Wenye iPhone wana kazi fupi. Chrome, Firefox na Brave kwenye iPhone zote hutumia WebKit, injini ya Safari, kwa sababu Apple haikuruhusu nyingine. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kulegeza hilo tangu 2024, lakini kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa halijabadilika kitu. Viraka vya WebKit huja na masasisho ya iOS, basi sasisha iOS. Mwanahabari, wakili au mwanaharakati anayedhani kuna mtu anamlenga yeye binafsi awashe Lockdown Mode, hali ya ulinzi mkali iliyopo tangu iOS 16. Nayo huzima JIT pamoja na mambo mengine mengi.

Mashine za zamani

Kwenye steshenari na saiba nyingi bado kuna Windows 7. Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho kwake, na Edge na Brave zilikoma hapohapo. Mianya ya Chromium inayogunduliwa sasa haipati tena kiraka kwenye mashine hizo. Firefox ESR 115, toleo la kutunzwa muda mrefu, ndiyo iliyoendelea kupewa viraka kwa Windows 7 na 8.1, na Mozilla wameusogeza mwisho wake mbele zaidi ya mara moja, kwa hiyo angalia tarehe iliyopo kabla hujaitegemea. Kwa simu, Chrome 138 ndiyo ya mwisho kwa Android 8 na 9. Kuanzia 139 inataka Android 10. Kwenye mashine kama hizi hakuna ubishi wa nani bora. Chukua kinachopata kiraka, na usiingize nywila ya benki humo.

Nani achukue kipi

Kompyuta ya nyumbani, Windows 10 au 11, unasoma na kutazama video kwa wingi: Firefox na uBlock Origin. Kompyuta ya ofisi yenye fundi wa TEHAMA: Edge katika kiwango cha kati, na sera ya saa 48. Simu ya Android: Brave, na WebView isiachwe nyuma. Kuweka vivinjari viwili, kimoja cha benki na barua pepe bila kiendelezi chochote, kingine cha kuzurura, ni wazo zuri mradi vyote viwili vinasasishwa. Cha akiba kinachofunguliwa mara moja kwa miezi mitatu hufunguka kikiwa na mianya ya miezi mitatu.

Na kama utabaki na Chrome, jambo lisilo la haya, anza na viendelezi kabla ya mipangilio mingine. Mkesha wa Krismasi 2024 mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya usalama, alinaswa na barua pepe ya ulaghai. Wadukuzi wakapakia toleo bovu la kiendelezi cha kampuni hiyo, 24.10.4, kwa watumiaji wapatao 400,000. Lilishuka lenyewe, kwa njia ileile ya masasisho tunayoisifia, bila kuhitaji mwanya wowote wa V8. Fungua chrome://extensions, soma kila jina, na ufute usilokumbuka kuliweka.